Seva ya Raki ya Kwanza: Namna ya Kuichagua na Kuitayarishia Mahali

Anayenunua seva kwa mara ya kwanza huanza, karibu kila mara, na maswali ya prosesa na RAM, kisha mashine ikishafika ndipo anapotafuta pa kuiweka. Mpangilio huo unapaswa kugeuzwa. Seva ya raki si kompyuta ya mezani iliyolazwa ubavu; ni mashine iliyoundwa kukaa ndani ya fremu ya chuma, katika chumba chenye ubaridi, mbali na masikio ya watu na karibu na umeme wa kutegemewa. Sharti lolote kati ya hayo likikosekana, mwenye mashine atalilipia kwa kelele, kwa diski zinazokufa mapema, au kwa seva mpya isiyoingia katika kabati jipya. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye kazi na chumba, na mashine yenyewe inafuata baadaye.

Hatua ya 1: Andika kazi inayokusudiwa

Orodhesha kwenye karatasi huduma zitakazoendeshwa, idadi ya watumiaji, ukubwa wa data iliyopo leo na ule unaotarajiwa miaka mitatu ijayo. Ongeza swali moja ambalo wengi hulisahau: huduma hizo zikisimama kwa nusu siku, ni nani ataumia, na kwa kiasi gani? Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua iwapo unahitaji pawa saplai mbili (vifaa vinavyoipa seva umeme), diski za ziada na UPS kubwa (kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme unapokatika), au iwapo mashine ya kawaida itatosha.

Ikiwa kazi yote ni kushirikisha mafaili kwa watu wachache, seva ya mnara, ile inayosimama sakafuni, itakuhudumia kwa utulivu zaidi na kwa usumbufu mdogo. Raki huleta maana pale ambapo vifaa ni zaidi ya kimoja, kwa mfano seva, swichi ya mtandao, UPS na kifaa cha nakala rudufu, au pale ambapo unajua kwamba vitaongezeka.

Hatua ya 2: Kagua chumba kabla ya kutazama bei

Anza na joto, kwa sababu umeme wote unaoingia katika seva hutoka ukiwa joto. Wati 1 ni sawa na BTU 3.412 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto); kwa hiyo seva inayotumia wati 300 humwaga chumbani takriban BTU 1,024 kila saa, usiku na mchana, sikukuu na siku za kazi. Katika ukumbi mpana wenye madirisha joto hilo halionekani. Katika stoo ndogo iliyofungwa, hewa ile ile huzunguka na kurudi puani mwa mashine ikiwa na joto zaidi kila mara, hadi feni zifike mwisho wa kasi yake na bado zisiweze kitu. ASHRAE, chama cha wahandisi wa upashaji joto na upoozaji chenye makao yake Marekani, hupendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27 za Selsiasi. Zingatia kwamba kipimo hicho ni cha hewa inayoingia mbele ya mashine, wala si cha hewa ya katikati ya chumba. Kipimajoto kilichotundikwa ukutani karibu na mlango kinaweza kukuambia mambo ni shwari huku seva ikivuta hewa ya nyuzi 35.

Ukitegemea kiyoyozi, jiulize kama kitaendelea kufanya kazi baada ya watu kuondoka, kwa kuwa viyoyozi vya ofisi mara nyingi huzimwa jioni ilhali seva haizimwi. Fikiria pia siku ambayo umeme utakatika: UPS itaiweka seva hai, lakini kiyoyozi kitakuwa kimezimika, na chumba kidogo kitaanza kupanda joto papo hapo.

Kelele ni jambo la pili, na ndilo huwashangaza zaidi wamiliki wapya. Seva nyembamba kabisa hupoozwa na feni ndogo za milimita 40, na feni ndogo haziwezi kusukuma hewa ya kutosha isipokuwa zizunguke kwa kasi kubwa mno, aghalabu zaidi ya mizunguko 10,000 kwa dakika. Sauti yake ni nyembamba, kali na haikatizi. Hakuna atakayeweza kufanya kazi ya kufikiri mita mbili kutoka hapo, sembuse kulala katika chumba cha jirani. Usidhani kwamba mlango wa kabati utaimeza sauti hiyo. Kabati linalopitisha hewa hupitisha na sauti.

Yaliyobaki yanakaguliwa kwa macho na kwa futikamba. Kusiwe na bomba la maji, tangi wala kiyoyozi kinachodondosha maji juu ya mahali utakapoiweka raki. Pasiwe na vumbi jingi, wala tundu la kupitisha panya, ambao hutafuna nyaya bila huruma. Mbele ya raki iachwe nafasi ya takriban mita 1, kwa sababu seva huvutwa nje kwa urefu wake wote inapotengenezwa, na nyuma iachwe nafasi ya kumtosha mtu kusimama na kuchomeka nyaya. Pima pia mlango wa chumba, korido na kona za ngazi. Kabati refu la kawaida hukaribia mita 2 kwa urefu, nalo tupu huweza kuzidi kilo 100, na si jambo geni kabati kukwama kwenye korido kwa sababu hakuna aliyefikiria namna litakavyopita.

Hatua ya 3: Zielewe namba za raki

Upana ni mwepesi: raki za seva zimesanifiwa kwa upana wa inchi 19, yaani milimita 482.6, kipimo cha uso wa kifaa pamoja na masikio yake mawili ya kufungia. Kimo huhesabiwa kwa U, na U 1 ni milimita 44.45. Seva ya 2U, basi, hujaza karibu milimita 89, na raki ya 42U ina nafasi ya ndani ya karibu milimita 1,867.

Mashimo ya nguzo hayakupangwa kwa umbali ulio sawa, na kutolijua jambo hili hupoteza saa nzima siku ya kufunga. Kila U ina mashimo matatu yaliyoachana kwa milimita 15.875, kisha kutoka shimo la mwisho la U moja hadi la kwanza la U inayofuata ni milimita 12.7 tu. Mpaka kati ya U na U kwa hiyo upo katikati ya mashimo mawili yanayokaribiana. Ukianza kufunga kwenye shimo lisilo la kwanza, kifaa kitakaa vizuri peke yake, lakini kile cha juu yake hakitaingia. Raki nyingi zina namba zilizochapwa kwenye nguzo. Zifuate, na ikiwa yako haina, ziandike mwenyewe kwa kalamu ya wino usiofutika kabla hujafunga chochote.

Kipimo kinachowaponza watu ni kina, yaani umbali kutoka mbele hadi nyuma, kwa sababu hicho hakikusanifiwa. Seva nyingi za kawaida zina kina cha kati ya milimita 650 na 800. Makabati ya mtandao, yale ya kutundikwa ukutani au madogo ya sakafuni, mara nyingi yana kina cha milimita 450 au 600, maana yalitengenezwa kwa swichi. Nimewahi kuona seva ya milimita 750 ndani ya kabati la 600: mlango wa nyuma ulikuwa umeondolewa, mashine imechomoza kuelekea ukutani, na nyaya zake za umeme zimepindwa hadi kukaribia kukatika. Aliyeinunua alikuwa amepima upana kwa uangalifu mkubwa, na upana ndio kipimo ambacho angeweza kukiamini bila kukipima.

Hatua ya 4: Chagua raki

Chukua kina cha seva unayoifikiria, ongeza angalau milimita 150 kwa ajili ya plagi na mikunjo ya nyaya nyuma, kumbuka kwamba nguzo za mbele huwa zimerudi ndani kidogo kutoka mlangoni, na utaona kwa nini kabati la seva huanzia kina cha milimita 1,000. Kwa mmiliki wa kwanza mwenye vifaa vitatu au vinne, kabati la 18U hadi 24U hutosha na kubakiza nafasi. Sipendekezi kununua dogo zaidi ya hapo ili kuokoa fedha, kwa kuwa tofauti ya bei kati ya kabati dogo na la wastani huwa ndogo kuliko gharama ya kulibadilisha.

Chagua raki ya nguzo nne. Ile ya nguzo mbili ni ya vifaa vyepesi vya mtandao. Seva ya kilo 25 ikishikiliwa kwa masikio ya mbele peke yake itainama na kuvuta fremu. Soma uwezo wa kubeba mzigo ulioandikwa na mtengenezaji, kisha hakikisha kwamba nguzo za nyuma zinaweza kusogezwa mbele na nyuma, kwa sababu kila jozi ya reli, vyuma vya pembeni vinavyoibeba seva na kuiwezesha kuvutwa nje, ina urefu wake wa chini na wa juu.

Mlango uwe wa chuma chenye matundu, mbele na nyuma. Mlango wa kioo hupendeza, lakini huinyima seva pumzi, kwani karibu seva zote huvuta hewa baridi mbele na kutoa ya moto nyuma. Ikiwa chumba kina mlango madhubuti wa kufungwa kwa ufunguo na vumbi si tatizo, fremu ya wazi isiyo na milango wala kuta ni chaguo zuri na la bei nafuu, ingawa haimzuii mtoto wala mgeni kubonyeza kitufe.

Tazama pia umbo la mashimo. Raki za kisasa huwa na mashimo ya mraba, ambayo hupokea nati zilizomo ndani ya vizimba vidogo vya chuma, mafundi huziita keji nati. Reli nyingi za seva hujinasa zenyewe katika mashimo ya mraba bila kifaa chochote, lakini baadhi yake hazikubali mashimo ya duara yenye hesi. Uliza kabla ya kulipa.

Hatua ya 5: Amua kimo cha seva

Watu huvutiwa na 1U kwa kudhani kwamba nyembamba ndiyo bora. Katika kituo kikubwa cha data, ambako kila U hulipiwa kodi, hoja hiyo ni kweli. Kwako wewe mwenye raki nusu tupu, unene wa ziada haukugharimu kitu. Seva ya 2U hutumia feni za milimita 60 au 80, ambazo husukuma hewa ile ile kwa mizunguko michache zaidi na kwa sauti nzito inayovumilika. Mara nyingi huwa na nafasi hadi 12 za diski za inchi 3.5 mbele, wakati 1U kwa kawaida huwa na 4; na ina nafasi zaidi ya kadi za kuongeza. Kwa seva ya kwanza, msimamo wangu ni 2U, isipokuwa kama una sababu mahususi ya kwenda kinyume. Ikiwa ni lazima mashine ikae karibu na watu, tafuta kasha la 4U linalopokea feni za milimita 120, na ukubali kuchukua nafasi hiyo kwa ajili ya ukimya.

Hatua ya 6: Chagua vilivyomo ndani

Prosesa moja yenye viini vya kutosha hutosheleza kazi nyingi za mwanzo. Ubao wenye soketi mbili hutumia umeme zaidi, na kwa kawaida prosesa ya pili isipowekwa, sehemu ya nafasi za RAM na za kadi hubaki bila kufanya kazi.

RAM iwe ya aina ya ECC, inayogundua na kusahihisha kosa la biti moja kabla halijaharibu data. Usichanganye RDIMM na UDIMM, aina mbili za vipande vya RAM. Zinaweza kufanana kwa macho, lakini hazifanyi kazi pamoja katika ubao mmoja. Nunua kwa kufuata orodha ya mtengenezaji wa ubao.

Diski za mfumo na diski za data zitengwe: SSD mbili ndogo (diski za kielektroniki zisizo na sehemu inayozunguka) zinazoakisiana kwa ajili ya mfumo, na kundi jingine kwa ajili ya data. Kuziunganisha diski kadhaa ili moja ikifa data ibaki ndiko kunakoitwa RAID. RAID 1 huandika kitu kile kile kwenye diski mbili, hivyo diski mbili za TB 4 hukupa TB 4 tu za kutumia. RAID 5 huhitaji diski 3 au zaidi na huvumilia kufa kwa moja. RAID 6 huhitaji 4 au zaidi na huvumilia kufa kwa mbili. Kwa diski kubwa za sumaku nachagua RAID 6, kwa sababu kujaza upya diski iliyobadilishwa huweza kuchukua saa nyingi, hata kupita siku nzima, na katika muda wote huo diski zilizosalia zinafanyishwa kazi ngumu kuliko zilivyozoea. Lakini fahamu kwa yakini kwamba RAID si nakala rudufu. Faili likifutwa kwa bahati mbaya, hufutwa kwenye diski zote kwa wakati mmoja. Virusi vikilifunga faili, hulifunga kotekote. Nakala rudufu ikae kwenye kifaa kingine, na mojawapo ikae nje ya jengo.

Pawa saplai ziwe mbili, zinazotolewa na kurudishwa bila kuzima mashine, na kila moja iwe na uwezo wa kubeba mzigo wote peke yake. Ikiwa kila moja hubeba nusu tu, kufa kwa moja kutaizima na nyingine.

Mwisho wa hatua hii, hakikisha seva ina kidhibiti cha mbali, kompyuta ndogo ndani ya ubao inayokuwezesha kuiwasha, kuizima na kuona skrini yake kupitia mtandao hata mfumo ukiwa umekwama. Dell huiita iDRAC, HPE huiita iLO, na Supermicro hutumia kidhibiti kinachofuata kanuni za IPMI. Badilisha nywila yake siku ya kwanza na usikifungulie njia kutoka intaneti, kwani anayekimiliki kidhibiti hicho anaimiliki mashine nzima. Uliza pia kama kuona skrini kunahitaji leseni ya ziada.

Hatua ya 7: Mpya au iliyotumika

Seva iliyostaafishwa na kampuni kubwa huweza kuwa na maisha marefu bado, na bei yake huvutia. Hesabu kwanza umeme. Mashine inayotumia wati 300 mfululizo hula kilowati-saa 2,628 kwa mwaka. Zidisha kwa bei ya umeme unayolipa, kisha linganisha na mashine mpya zaidi inayofanya kazi hiyo hiyo kwa wati 150. Binafsi sirudi nyuma ya kizazi cha RAM ya DDR4, ambacho kilianza kuingia katika seva mwaka 2014. Dai reli zije pamoja na mashine, kwa maana reli za modeli moja mara nyingi haziingii katika nyingine, na kuzitafuta peke yake huchosha. Diski za zamani zichukuliwe kuwa si za kutegemea data muhimu. Chunguza pia kama mtengenezaji hutoa masasisho ya programu dhibiti bila mkataba, na kama ubao hukubali kadi za watengenezaji wengine. Zipo seva ambazo, zikiwekewa kadi zisizozitambua, hupeleka feni zote kwenye kasi ya juu.

Hatua ya 8: Tayarisha umeme

Mwite fundi umeme aliyeidhinishwa akuwekee njia ya peke yake kutoka kwenye kikata umeme, na athibitishe kwamba waya wa ardhi upo na unafanya kazi. Ekstensheni ya kawaida ya sakafuni haina nafasi katika raki. Tumia kigawa umeme cha kufungwa kwenye raki.

UPS huuzwa kwa VA (volti-ampea), lakini mzigo wako hupimwa kwa wati, na namba hizo mbili hazilingani. UPS ya VA 1,000 yenye kizidishio cha 0.6, yaani uwiano wa wati kwa VA, hubeba wati 600 tu. Chagua inayotoa wimbi safi la sini, kwa kuwa pawa saplai za seva huweza kukataa wimbi la ngazi, na soma jedwali la mtengenezaji linaloonyesha idadi ya dakika kwa mzigo wako halisi. Dakika kumi zinatosha, ili mradi UPS imeunganishwa na seva kwa kebo na imeelekezwa kuizima kwa utaratibu kabla betri haijaisha. Pawa saplai ya pili iunganishwe kwenye UPS nyingine au njia nyingine ya umeme. Zote mbili zikiwa kwenye chanzo kimoja, umelinda pawa saplai lakini hukuilinda huduma. Betri za risasi huhitaji kubadilishwa kila baada ya miaka 3 hadi 5, na mapema zaidi chumba kikiwa cha joto.

Hatua ya 9: Funga vifaa

Sawazisha kabati, teremsha miguu yake, na ulifunge sakafuni au ukutani. UPS, ambayo ndiyo nzito kuliko vyote, ikae chini kabisa, seva ifuate juu yake, na swichi ikae juu. Usivute nje vifaa viwili vizito kwa wakati mmoja, kwa sababu kabati linaweza kumwangukia aliye mbele yake.

Funga reli mbili kwa namba moja ya U mbele na nyuma, zote zikiwa mlalo. Seva inyanyuliwe na watu wawili. Ikiwezekana, toa kwanza diski na pawa saplai ili kuipunguzia uzito, ukiandika kila diski ilikaa wapi. Nafasi zilizobaki wazi mbele zizibwe kwa vibao vyake. Vibao hivyo vinaonekana kama mapambo, lakini bila ya hivyo hewa ya moto kutoka nyuma hupenya katikati ya vifaa na kuvutwa tena mbele. Nyaya za umeme zipite upande mmoja, za mtandao upande mwingine, zikifungwa kwa mikanda ya velcro badala ya vifungo vya plastiki vinavyobana, na kila moja iwe na lebo katika ncha zote mbili.

Hatua ya 10: Ijaribu kabla haijapewa data

Sasisha programu dhibiti, pima RAM kwa usiku mzima, na uendeshe mzigo mkubwa kwa saa kadhaa huku ukitazama joto la hewa inayoingia na la prosesa kupitia kidhibiti cha mbali. Kisha fanya majaribio ambayo mkono husita kuyafanya. Chomoa pawa saplai moja, uone kama huduma inaendelea na kama taarifa ya hitilafu imekufikia. Vuta diski moja ya data, irudishe, na uandike saa ambazo kundi limechukua kujijenga upya. Mwisho, zima kikata umeme cha raki yote, ukae chumbani na saa mkononi, na usikiwashe tena mpaka seva iwe imejizima yenyewe kwa utaratibu.